Sebule Ndani ya Vitrini

Mume wangu alilipenda jengo letu kabla hajanipenda mimi, na hakulificha hilo. Alikuwa mchoraji katika ofisi ya mipango ya mji, na siku ya kwanza aliponitoa matembezi hakunipeleka kunywa soda wala kuangalia mto. Alinisimamisha kando ya barabara, katikati ya Kisangani, akanyoosha kidole ng'ambo. "Angalia miguu yake," aliniambia. Nikadhani anamsema mwanamke aliyekuwa akipita. Kumbe alimaanisha nguzo.

Nilipoolewa naye nilizijua nguzo zile vizuri kuliko nilivyowajua wajomba zake. Jengo lilikuwa na ghorofa saba, na kwetu hilo lilikuwa jambo la kujivunia, maana sehemu kubwa ya mji ilikuwa imelala chini. Wabelgiji walikuwa wamelijenga siku za mwisho mwisho za utawala wao. Ghorofa zote zilibebwa na nguzo nene za mviringo zilizopangwa ukingoni mwa barabara, na nyuma ya nguzo hizo kulikuwa na njia pana yenye dari. Mtu yeyote aliweza kupita pale bila kuunguzwa na jua wala kunyeshewa, hata kama hamjui mtu ndani ya jengo. Mume wangu alikuwa akisema kwamba aliyelichora jengo lile alikata kipande cha kiwanja chake mwenyewe akawagawia wapita njia. Alilisema mbele ya wageni, alilisema mezani, na nina hakika alilisema pia kwa padri na kwa shehe, kila mmoja kwa wakati wake.

Tulipewa nyumba katika ghorofa ya tano. Serikali ilikuwa imeanza kuwauzia wafanyakazi wake nyumba za majengo kama yale, moja moja, kwa kukata mshahara. Kwa hiyo kila familia ikawa na nyumba yake ndani ya jengo, na hapo ndipo lilipozaliwa swali lisilo na jibu. Sebule yangu ni yangu, jiko langu ni langu, sawa. Lakini ngazi ni za nani? Paa ni la nani? Na kule chini, kwenye nguzo, ni kwa nani? Taa ya ngazini ilipoungua kila mtu alijua kwamba si yake. Asanseri, lile sanduku la kupandisha watu, ilikuwa imekufa ikiwa imesimama chini kabisa, na yenyewe pia haikuwa ya mtu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilirudi mchana, nikapanda ngazi, nikafunga mlango, basi. Majirani niliwajua kwa sauti tu. Wa ghorofa ya tatu alikuwa kandambili zinazopiga sakafu alfajiri. Wa chini yake alikuwa redio. Nilikulia kwenye kiwanja cha mtaa wa Mangobo, ambapo huwezi kupiga chafya bila watu wa nyumba nyingine kukuombea afya, na sasa nilikuwa na balkoni nzuri inayotazama mto, na siku nyingine nilifika jioni bila kuzungumza na mtu mzima yeyote. Sikumwambia mume wangu. Angedhani nalilalamikia jengo.

Ndipo mama yake alipokuja kutoka Kindu.

Alikuja kwa mashua hadi Ubundu, kisha kwa treni, akiwa na gunia la mchele, birika lake la kahawa lililofungwa kwenye kanga, mkeka wa kuswalia na kuku wenye kelele. Tulimpokea stesheni, tukamleta mpaka chini ya jengo. Mume wangu alitaka asimame kwanza ng'ambo ya barabara atazame nguzo, lakini mama alikuwa amechoka na hakuzitazama.

Ngazi zilimshinda nguvu, kwa hiyo kila ghorofa alipumzika. Na kila alipopumzika aligonga mlango uliokuwa karibu akaomba maji. Mimi nilitamani kuzama. Yeye alikunywa maji, akauliza watu wa nyumba ile wametoka wapi, akawaambia yeye ametoka wapi, akaaga, akapanda tena. Alipofika kwetu alikuwa ameshajua kwamba zile kandambili ni za muuguzi, mtu wa mtoni kutoka Isangi, kwamba mama wa muuguzi anaumwa goti, na kwamba siku ya soko tutaletewa samaki. Alijua pia kwamba ile redio ni ya mzee aliyepewa duka la chini wakati serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuwagawia wananchi. Sisi tulikuwa tumekaa pale tangu msimu wa mvua uliopita na hatukujua hata moja ya hayo.

Alikagua nyumba yetu chumba kwa chumba. Akasifu sakafu, akasifu bomba, akaketi.

"Nyumba yenu iko muzuri, papa," alimwambia mwanawe. Alimwita papa, yaani baba, kwa sababu alikuwa amerithi jina la babu yake mzaa baba. "Lakini haina inje."

Mume wangu akamfungulia mlango wa balkoni, akamwonyesha mto, mitumbwi, miti ya ng'ambo. Mama akatazama kwa adabu. Akasema hapo ni pahali pa kuanika nguo. Nje ni pale ambapo mtu akipita anakusalimia.

Kesho yake alijaribu, kwa haki kabisa. Alikaa balkoni na kila aliyepita barabarani alimpigia salamu kwa sauti kubwa. Watu wa chini walisimama, wakageuka kulia, wakageuka kushoto. Mmoja alivua kofia na kutazama mbinguni, kisha akaondoka haraka. Mama akaingia ndani, akasema haya mambo ya kusalimia watu sawa na malaika hayamfai.

Kwa hiyo alianza kushuka. Asubuhi mume wangu alimbebea kiti chake, kiti cha mbao chenye mikono, na kukiweka nyuma ya nguzo, karibu na lile duka. Kuku nao aliwashusha. Mume wangu alipotoka kazini mchana aliwakuta ndani ya asanseri, wamejipanga, wanatazama nje kupitia vyuma vya mlango wake wa kukunja. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akibishana na mama yake.

"Mama, hii ni asanseri."

"Inafanya nini?"

"Inapandisha watu."

"Iliwapandisha lini?"

Kuku wakabaki, na niseme ukweli, banda zuri kama lile sijaliona tena.

Duka lenyewe lilikuwa tupu. Zamani liliuza vitambaa. Mzee aliyepewa aliuza vitambaa alivyovikuta humo, kisha vikaisha, na hakukuwa na pahali pa kupata vingine. Alibaki na ufunguo. Kila asubuhi alishuka na abakosi yake, ile suti ya siku zile isiyo na tai, iliyopigwa pasi, akafungua, akapangusa vumbi kwenye rafu tupu, akasimama mlangoni kidogo, akafunga. Alikuwa mtu wa heshima sana na nadhani duka lile lilimtesa. Vitrini zake zilikuwa mbili, yale madirisha makubwa ya kioo ya kuonyeshea bidhaa, moja kila upande, na mlango ulikuwa ndani kidogo kati yao, kama koo. Mume wangu alinieleza kwamba hiyo ilikuwa hila ya mchoraji: mteja anavutwa ndani polepole huku akitazama bidhaa, na akishtuka ameshafika kaunta. Vitrini ilianzia chini, kwenye kimo cha goti, na kizingiti chake kilikuwa kipana. Mume wangu alisema upana ule ulikuwa kwa ajili ya uzuri. Wapita njia walikuwa wameamua zamani kwamba ni benchi.

Mama alifanya urafiki na benchi lile. Wenye kutoka sokoni walikaa, wakatua vikapu. Yeye alichemsha kahawa yenye tangawizi kwenye jiko dogo la makaa, akawapa. Muuguzi akitoka kazini alikaa kabla ya kupanda. Wakati fulani nami, nikitoka shule, nikawa nakaa. Nilijiambia nakaa kwa sababu ya kumsaidia mama kubeba vyombo. Mzee wa duka alisimama mlangoni kwake akijifanya hatuoni, kisha akakubali kikombe akiwa amesimama, kisha kingine akiwa ameegemea mlango. Kukaa hakukubali. Mwenye duka hakai nje ya duka lake, alisema.

Mume wangu ndiye aliyeona haya. Wakubwa wake wa ofisi walipita pale kwa miguu na kumwona mama yake akipepea makaa chini ya nguzo alizokuwa akiwahubiria. Nilimuuliza nguzo zilijengwa kwa ajili ya nani basi. Akasema kwa ajili ya wapita njia. Nikasema hawa wamepita, wakachoka.

Ikaja habari kwamba mkubwa kutoka Kinshasa atautembelea mji. Msafara wake ungepita barabara yetu. Ofisi zote ziliamka. Watoto wangu wa shule waliachishwa hesabu wakaanza kufundishwa nyimbo za kumsifu Rais na Chama. Amri ikashuka kwamba majengo yote ya barabara ile yapakwe chokaa. Chokaa ikapimwa, ikaonekana haitoshi. Mtu fulani, sijui nani, akapata wazo kwamba si lazima jengo zima lipakwe. Lipakwe mpaka pale jicho la mtu aliyekaa ndani ya gari linapofika.

Kazi ya kujua jicho linafika wapi alipewa mume wangu. Walimkalisha kiti cha nyuma cha gari la ofisi, wakaliendesha taratibu barabara nzima, naye akachungulia nje na kusema hapa linafika, hapa linafika. Alirudi nyumbani. Hakula. Baadaye akaniambia kwamba amesoma miaka yote ile ili aje kupima shingo ya mtu aliyekaa. Wafanyakazi wakapaka. Nguzo zikawa nyeupe mpaka dari, na ukuta wa juu yake kidogo, na kutoka pale kwenda juu jengo likabaki na ukungu wake mweusi wa mvua nyingi. Muuguzi akasema limevaa soksi. Mume wangu alicheka pamoja nasi, ila alicheka akiwa amegeuza uso.

Amri ya pili ilimhusu mzee wa duka. Vitrini zote zionekane zimejaa. Zisifunikwe karatasi, kwa kuwa karatasi inaonyesha duka limefungwa. Bidhaa ziwe za kupendeza. Mzee aliitisha mkutano wa wenye nyumba wote, na kwa kuwa hapakuwa na pahali pa kukutania, tulikaa ngazini, kila mtu kidato chake, yeye akiwa amesimama chini kabisa na abakosi yake. Alisema jina la jengo letu liko hatarini. Aliuliza tufanye nini. Wa juu walianza kusema kwamba duka si lao. Ile hadithi ya taa ya ngazini ilikuwa inaanza upya.

Mama alikuwa amekaa kidato cha mwisho, karibu na kuku. Aliomba ruhusa ya kusema.

"Bon, nyinyi wote muko na vitu vizuri huko juu," alisema. "Vimejificha. Vishuke tu, vionekane siku moja."

Ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake ngazi zilijaa vitu vinavyoshuka. Muuguzi alileta shuka zilizotariziwa ndege. Mwingine kabati ya vioo, mwingine saa ya ukutani, mwingine zulia, mwingine jokofu ambalo vijana wa jengo walilishusha wakilia kama waliobeba jeneza. Mzee alileta ile redio. Sisi tulitoa vikombe vya harusi yetu, ambavyo vilikuwa havijawahi kunywewa. Niliona ndani ya siku moja nyumba zote ambazo sikuwahi kuingia.

Mume wangu alisimamia upangaji. Alichora kabisa kwenye karatasi: vitu virefu nyuma, vifupi mbele, kila kitu kiwe na nafasi, mwanga uingie hivi. Alipanga vitrini ya kulia vizuri sana, na nikasimama barabarani nikaona kweli ni duka, duka la watu matajiri. Aliporudi kula chakula cha mchana, mama aliingia. Tuliporudi tulikuta zulia limetandikwa katikati, viti vinatazamana, meza ina kitambaa, vikombe viko mezani, na kitanda cha mtu kimetandikwa zile shuka za ndege pale pale mbele ya kioo, kinaangalia barabara.

Mume wangu alimwambia kwamba kitanda kwenye vitrini ni aibu. Mama alifikiri, akasema kweli, hapo alikosea, akakitoa. Lakini viti havikurudi nyuma. Alisema viti vikiangalia ukuta watu watadhani wenye nyumba wamegombana. Mume wangu alitazama, akasogeza meza kidogo upande wa mwanga, akahamisha kabati isizibe mlango, na nadhani hapo, bila kusema, alianza kuipenda kazi ile. Walimaliza pamoja jioni, mama na mwanawe, wakibishana juu ya saa ya ukutani.

Siku yenyewe tulisimama barabarani tangu asubuhi. Watoto wangu walikuwa na bendera na sauti zilikuwa zimeshakauka. Wacheza ngoma walicheza, wakapumzika, wakacheza. Jua lilipanda, kisha mawingu yakaanza kukusanyika ng'ambo ya mto. Mama alikuwa ameingia ndani ya duka, alisema anaenda kunyoosha kitambaa cha meza. Akakiona kiti chake kati ya vile vya vitrini. Akakaa. Kwa kuwa jiko lake alikuwa ameliweka nyuma ya kaunta lisionekane, na makaa yalikuwa bado na moto, akaona heri achemshe kahawa wakati wa kusubiri. Mzee wa duka alimwona akiwa tayari amekaa kwenye vitrini na kikombe mkononi, na wakati huo huo king'ora cha msafara kikasikika. Alishika kichwa. Kumtoa kungeonekana barabara nzima. Alifunga vifungo vyake, akasimama mlangoni, akamwachia Mungu.

Magari yalikuja taratibu. Mkubwa alikuwa amesimama kwenye gari lisilo na paa, akipunga mkono. Yeye hakuwa amekaa. Niligeuka nikamtafuta mume wangu kwa macho na kumwona amefumba yake, maana kwa kimo kile jicho la mkubwa lilipita soksi zote na kufika kwenye ukungu wa ghorofa ya tatu.

Ndipo mvua ikaanguka. Wanaoijua mvua ya Kisangani wanajua kwamba haianzi, inafika. Wacheza ngoma walitawanyika, watoto wangu wakakimbilia kwenye nguzo, na mkubwa, abakosi yake ikiwa imeshashika maji, aliruka chini na kukimbia nao. Msafara mzima ulijaa chini ya dari ya jengo letu, walinzi, wakubwa wa mji, wapiga ngoma, wauza mikate na walimu, bega kwa bega. Mvua ilipiga lami mpaka ikawa moshi, na pale chini hata tone halikutufikia.

Mkubwa alikuwa amesukumwa na umati mpaka kwenye kioo. Aligeuka akaona, hatua moja kutoka puani mwake, bibi mmoja amekaa kwenye kiti cha mikono anakunywa kahawa. Mama naye akamwona. Akatabasamu. Akamwonyesha kwa mkono: zunguka, mlango uko hapo.

Mkubwa alimuuliza mzee wa duka hili ni duka la nini. Mzee alivuta abakosi yake ikae sawa. Mama alikuwa ameshafika mlangoni.

"Hapana duka, papa," alimwambia mkubwa. "Hapa tunakaa tu. Ingia, umelowana."

Akaingia. Walinzi wakataka kuingia naye, mama akawauliza kama nao wanakunywa kahawa, wakasema wako kazini, akawaambia basi wabaki nje wasilowanishe zulia la watu. Mkubwa alikaa kwenye kiti cha jirani yetu, akanywa kahawa ya tangawizi kwenye kikombe cha harusi yangu. Sisi wote tulisimama nje tukitazama kupitia kioo, kama wateja. Hatukusikia kila kitu. Tuliona akicheka. Tuliona mama akionyesha dari, na baadaye tulijua kwamba alikuwa akimweleza habari za nyumba zilizo juu, nzuri ila hazina nje, na jinsi wenye nyumba hao walivyoshusha vitu vyao. Mkubwa alimwambia kwamba mama yake mwenyewe alikataa kuhamia kwake Kinshasa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mwanawe anaishi ghorofa ya juu na hakuna pa kuweka kiti.

Mvua ilipopungua alitoka, akampa mkono mzee wa duka, akamwita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi siku zile, na kulisifu wazo lile kwa sauti ambayo wakubwa wote wa mji waliisikia: "Sitwayeni, hii iko idée ya muzuri sana. Kila jengo lingekuwa na sebule ya chini."

Akapanda gari, msafara ukaondoka.

Hapo sasa hakuna aliyethubutu kuondoa hata kijiko. Muuguzi alikuja jioni kuchukua shuka zake, mzee wa duka akamwomba kwa upole aziache, maana zimeshaonekana. Aliyeleta jokofu hakuomba hata kulirudisha, kwa kuwa vijana waliolishusha walikuwa wamemwapia kwamba kulipandisha hawatalipandisha. Mume wangu aliitwa ofisini akaambiwa achore haraka mpango wa sebule za chini kwa majengo yote ya barabara. Alichora kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya nguzo. Kwa muda wa msimu mmoja ungeweza kutembea katikati ya mji na kuona, ndani ya vitrini moja baada ya nyingine, viti vilivyotandikwa vitambaa na hakuna mtu aliyekaa. Watu wa majengo hayo waliogopa kuvichakaza. Baadaye vilirudishwa kimya kimya, au viliuzwa, na vitrini zikabaki tupu tena.

Ya kwetu ilibaki kwa sababu ilikuwa imeshachakaa. Tulifanyia humo mikutano, na ajabu, taa ya ngazini ikabadilishwa, kwa kuwa sasa ukisema kwamba si yako ulikuwa unawaambia watu waliokaa mbele yako na vikombe. Aliyefiwa alipokelea wageni humo, wazee wasipande ngazi. Watoto walifanyia humo kazi za shule, nami nikawa mwalimu mpaka jioni bila kutaka. Mzee wa duka alikaa, hatimaye. Alianza kuleta vitambaa kidogo kidogo, mapande machache kutoka kwa wafanyabiashara wa Maniema ambao mama aliwajua, akavitundika kwenye zile rafu. Hakuuza vingi. Mteja aliingia, akapewa kiti, akapewa kahawa, akasimuliwa, akaondoka amesahau alichokuja kununua, na kesho yake akarudi kuaga vizuri. Mzee alilalamika na kuendelea kuwapa viti.

Mama alikaa nasi mpaka binti yake wa Kindu alipokaribia kujifungua, kisha akasema lazima arudi. Tulimsindikiza stesheni watu wa jengo zima. Wenye kandambili, wenye redio, wote. Nililia zaidi ya nilivyotegemea kumlilia mama mkwe.

Palibaki swali la kahawa. Mzee wa duka aliona aibu kusema, muuguzi ndiye aliyesema: tupeane zamu. Zamu yake mwenyewe ilikuwa Jumatatu, na kahawa yake ilikuwa mbaya, nyepesi, haina tangawizi, yenye ladha ya dawa. Tuliinywa. Zamu yangu ilikuwa Jumatano baada ya shule. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, mguu umevimba, na daktari alikuwa amenikataza kupanda ngazi mara nyingi. Nilikaa chini mchana kutwa, nikapepea makaa, na mwanamke mmoja nisiyemjua akaja kutoka sokoni, akatua kikapu chake, akaniuliza watu wa hapa wametoka wapi.